Bolti Ikigoma, Usiipige kwa Kiganja

Ilikuwa mwezi wa kumi, pori la Selous, saa nane mchana. Mgeni wangu wa uwindaji kutoka Marekani alimpiga kongoni, kongoni akaanguka, kisha akainuka tena. Risasi ya pili haikupigwa kwa sababu bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ilikataa kufunguka. Mgeni akaushindilia mkono wa bolti kwa kiganja mara tatu ndipo ganda likatoka. Kongoni nikammalizia mimi.

Mzee wetu mtafuta nyayo, ambaye haachi ganda lolote porini, aliliokota, akaligeuzageuza, akanipa. "Kijana wangu, hili limebanwa." Kwenye kitako cha ganda palikuwa na alama ndogo ya mviringo inayong'aa. Shaba ya ganda ilikuwa imesukumwa kwa nguvu mpaka ikaingia kwenye tundu la kile kijipini kinachorusha maganda.

Risasi za ile bunduki yake ya .375 mgeni alizijaza baruti mwenyewe nyumbani kwake, akazijaribu msimu wa baridi, na kule hazikumsumbua. Kwetu zilishinda juu ya dashibodi ya Land Cruiser zikipigwa jua kupitia kioo. Baruti ikishika joto huungua upesi zaidi, na presha ndani ya chemba, pale risasi inapokaa mtutuni, hupanda. Kama kipimo cha baruti kilikuwa tayari ukingoni, joto linakimalizia.

Waingereza walilijua hili zamani. Watengeneza bunduki John Rigby walipoitoa risasi ya .416 mwaka 1911, baruti ya siku hizo, kordaiti, ilikuwa ikibadilika sana kwenye nchi za joto. Wakaipa ganda pana ili presha ibaki chini. Hadi leo kikomo chake cha presha Ulaya ni baa 3,250, wakati .375 H&H inaruhusiwa kufika 4,300.

Hizo namba mbili ndizo zilizonifundisha jambo ambalo wajazaji wengi hawapendi kulisikia: dalili za presha kuzidi huchelewa. Shaba haisomi maandishi ya kitakoni. Itaanza kuonyesha alama pale inapozidiwa yenyewe, na kwa .416 hapo umeshakipita kikomo kwa mbali. Kwa hiyo mtu anayesema "naongeza baruti mpaka nione dalili, kisha narudi nyuma kidogo" hapimi kitu. Bunduki za mitutu miwili kama .470 ndiyo kabisa, hazina hata bolti ya kukuonya. Ukiona inakuwa nzito kufunguka, au ganda limeng'ang'ania, achana na risasi hizo.

Mimi siku hizi nauamini mkono kwanza, macho baadaye. Bolti iliyokuwa ikinyanyuka kwa vidole viwili ikitaka nguvu ya bega, nasimamisha shughuli. Nikikuta na ile alama inayong'aa kitakoni, mjadala umekwisha. Fataki, kile kikombe kidogo kitakoni kinachowasha baruti, ikiwa imetoboka, imedondoka, au ina masizi pembeni, nayo haina mjadala.

Fataki iliyobapa tu ni shahidi wa kuyumba. Nyingine zina bati laini, hubapa hata kwa kipimo cha kawaida. Na tundu la pini inayoipiga fataki likiwa pana, fataki huvimba kuizunguka alama ya pini bila presha kuzidi. Ndiyo maana silisomi ganda moja peke yake. Naliweka kando ya ganda la kiwandani lililopigwa na bunduki ileile. Na kama kipima mwendo kinasema risasi yako inakimbia kuliko kitabu cha vipimo vya kujaza kinavyosema kwa mtutu wa urefu huo, usifurahi. Mwendo wa bure haupo, umeulipia kwa presha.

Kabla ya kumlaumu mjazaji, kagua chemba. Mafuta au maji ya mvua yanalifanya ganda lisishike kuta, likasukuma bolti kwa nguvu zaidi. Mchanga nao hukwamisha ganda lisilo na kosa lolote. Halafu toa bolti, chungulia mtutu. Tope kidogo mdomoni linatosha kuuvimbisha.

Na usipige nyingine "kuona kama itarudia". Nimewahi kuisikia hiyo kutoka kwa watu wenye akili zao. Risasi za kundi lile zote zikae kando, na zifumuliwe na anayejua.

Mgeni alinuna jioni ile, kisha akakubali kutumia risasi za kiwandani za kambini. Tangu hapo risasi zangu hukaa kwenye mkanda kivulini, na kila mgeni anayekuja na za kujaza mwenyewe tunazipima kambini mara mbili, asubuhi na tena jua likiwa kali, kabla hatujamfuata mnyama yeyote.

Ganda lile ninalo bado. Naliweka mezani kando ya jingine la kiwandani, namwambia mgeni anionyeshe lenye kasoro. Wengi huangalia fataki, wanachagua lisilo lenyewe.