Dodoso la mtandaoni au la posta?

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu hapa Ilemela kinataka kupima mitazamo ya wapiga kura. Tusambaze dodoso kwa WhatsApp au kwa posta?

JIBU: Ndugu msomaji, anzeni kwa kuuliza nani hatafikiwa. Posta peke yake itawaangusha: kaya nyingi hazina sanduku, na barua ya sanduku la ofisi humfikia mwajiriwa, si mchuuzi wa dagaa Kirumba. WhatsApp ni haraka na nafuu, lakini kiungo kikirushwa kwenye makundi watajibu wenye simu janja, bando na hamasa ya siasa. Wingi wa majibu hautibu kasoro hiyo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipata kwa posta majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri kuwa Landon angemshinda Rais Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48.

Sisi tungechanganya. Chagueni kaya kwa nasibu, yaani kwa bahati kama kura, mpeleke dodoso kwa mkono na bahasha yenye namba, isiyo na jina. Anayependa simu apewe kiungo chenye namba hiyohiyo, asijibu mara mbili. Ndani ya kaya ajibu mtu mzima ambaye siku yake ya kuzaliwa iko karibu zaidi, la sivyo baba atajibu kila nyumba. Kumbusheni baada ya siku 7. Majibu 400 ya nasibu yana kosa la takriban asilimia 5 juu au chini, ila wakikataa wengi, hesabu hiyo haiwalindi. Andikeni idadi ya waliokataa.