Jibu: Laptop inajiwasha usiku na mausi inaganda baada ya apdeti

Mkuu pole sana, ila usikimbilie kupiga Windows upya, mapema mno hiyo. Umesema ukiilaza laptop (sleep) inaamka yenyewe na ukiirudia mausi imeganda, hayo ni mambo mawili tofauti, tuanze na la kuamka. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama admin uandike powercfg /lastwake, itakutajia kilichoiamsha mara ya mwisho, halafu powercfg /devicequery wake_armed, hapo unapata vifaa vyote vyenye ruhusa ya kuiamsha na mara nyingi utaikuta mausi humo, maana mausi ya leza meza ikitikisika kidogo tu basi mashine iko macho. Nenda Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta), bonyeza mausi mara mbili, sehemu ya Power Management toa tiki ya kuruhusu kifaa kuamsha kompyuta. Kibodi iache hivyohivyo ili ubaki na cha kuamshia.

Hiyo ya kuganda mi naihisi ni USB kukatiwa umeme. Humohumo Device Manager tafuta USB Root Hub (kinachosimamia matundu ya USB), toa tiki ya kuzima kifaa ili kuokoa umeme, apdeti wakati mwingine inarudisha seting kama hizi bila kukuuliza. Ikigoma rudisha draiva (programu inayoendesha kifaa) ya zamani ya mausi kwa kitufe cha Roll Back Driver.

Na tafadhali sana piga ristati kabisa, sio kuzima na kuwasha, fast startup (njia ya Windows ya kuwaka haraka) ikiwa on ukizima Windows haianzi upya kikamilifu. Ukimaliza tuwekee hapa majibu ya lastwake tuyaone.