Bakuli la Kichina lenye nakshi za rangi: majibu kwa maswali yenu

Swali: Bakuli letu la urithi lina maua ya waridi juu ya weupe. Ukingoni limebanduka, nikaona wekundu. Ni kauri?

Si kauri. Kauri ikimeguka huonyesha weupe hadi ndani. Hilo ni shaba iliyopakwa enameli, yaani unga wa kioo cha rangi ulioyeyushwa juu yake. Ni ndugu wa zile sahani za bati tunazolia wali, ila bati lile ni chuma na hushika sumaku, shaba haishiki. Ufundi huu ulitoka Ulaya ukaingia China enzi za mfalme Kangxi (1662–1722), na karakana za Guangzhou ndizo zilizovuma zaidi.

Swali: Mbona limepakwa hata kitako, pasipoonekana?

Hapo ndipo ufundi ulipo. Likitoka tanurini na kuanza kupoa, shaba husinyaa kuliko kioo. Likipakwa upande mmoja tu, bakuli hupinda na enameli huruka vigae. Kwa hiyo fundi hufua bamba jembamba, hulisafisha, hupaka nyeupe ndani na nje, kisha huchoma. Nakshi hufuata, nazo huchomwa kwa awamu: rangi zinazovumilia moto mkali hutangulia, dhahabu ya ukingo huja mwisho kwa moto mdogo. Tazama petali moja kwa kioo cha kukuzia: rangi ya waridi imekolea pembeni, ikififia polepole hadi weupe. Rangi hiyo hupatikana kwa dhahabu kidogo mno ndani ya kioo. Ukiona vitundu kama vya sindano, ni hewa iliyopenya, mara nyingi kwa sababu shaba haikusafishwa vizuri.

Swali: Kwa nini limechorwa popo watano?

Kwa Kichina popo ni fu, na baraka hutamkwa vivyo hivyo. Watano ni baraka tano. Tunda la pichi likiwa pembeni, ongeza maisha marefu.

Swali: Chini pameandikwa jina la Qianlong. Ni la enzi zake?

Jina halitoshi. Qianlong alitawala kuanzia 1736 hadi 1795, lakini alama yake imenakiliwa mno baadaye. Neno CHINA kwa herufi za Kilatini lina uzito zaidi: sheria ya Marekani ya 1890, iliyoanza kutumika 1891, ilidai bidhaa za kigeni zitaje nchi zilikotoka, hivyo bakuli lenye neno hilo kwa kawaida si la kabla ya hapo.

Swali: Nilisugue kwa ndimu, kama tunavyosafisha shaba?

Usithubutu! Asidi hula rangi na kuua mng'ao. Tumia maji ya vuguvugu, tone la sabuni laini na brashi ya manyoya, kisha kausha papo hapo. Usiliache likiloana: maji hupenya penye mbanduko, shaba hutoa kutu ya kijani, na kutu husukuma enameli iliyobaki. Usimpe fundi alichome upya, maana rangi za zamani zitatoka mapovu. Pengo huzibwa kwa gundi maalumu na rangi, bila moto. Wala usilie chakula humo, enameli hizo huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.