Ardhi ya jamii na pesa za umma: maswali kutoka kaskazini mwa Kenya

Barabara imepita kwenye malisho yetu. Mbona fidia imeenda kwa kaunti?

Kwa sababu ardhi yenu bado haijasajiliwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaifanya kaunti kuwa mdhamini tu: fidia hukaa kwenye akaunti maalumu yenye riba, na mkishasajiliwa ni lazima mkabidhiwe bila kucheleweshwa. Iandikieni kaunti sasa, mwulize ni kiasi gani na kiko akaunti ipi. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Usajili unaanzia wapi?

Barazani, si kwa mpimaji. Chagueni kamati ya watu 7 hadi 15, andikeni daftari la wanachama, kisha mpelekeeni msajili daftari hilo, jina la jamii, kumbukumbu za mkutano na kanuni za kamati. Kabla ya upimaji hutolewa ilani ya siku 60 ili wenye madai wajitokeze.

Kazi nyingi hukwamia kwenye daftari. Likiandikwa kiangazi, vijana walio fora, yaani kambi za malisho ya mbali, na mifugo huachwa nje. Wanawake nao hufichwa nyuma ya majina ya waume zao, ilhali kisheria aliyeolewa katika jamii ni mwanachama papo hapo. Hao wakirudi na pingamizi, faili inalala. Kingine ni mpaka: kama mnachunga pamoja na jirani, wekeaneni sahihi kabla mpimaji hajafika.

Mwenyekiti ametia sahihi mkataba na kampuni ya kawi ya upepo. Yatosha?

Hata kidogo. Mkutano uitishwe kwa ajili ya ofa hiyo, akidi iwe thuluthi mbili ya watu wazima, na thuluthi mbili waikubali. Kule Marsabit mitambo 365 ilikuwa imeshasimama mahakama ya Meru ilipoamua, mwaka 2021, kwamba hati za ardhi ya mradi zilitolewa bila kufuata utaratibu.

Hazina ya Usawazishaji, ile ya maeneo yaliyoachwa nyuma, itatujengea machinjio?

Hapana. Ibara ya 204 ya Katiba inaitengea asilimia 0.5 ya mapato ya taifa, kwa huduma za msingi pekee, zikiwemo maji, barabara, afya na umeme. Ombeni kisima. Kwanza hakikisheni eneo lenu limo katika orodha ya Tume ya Ugavi wa Mapato. Sera ya pili ya tume hiyo kuhusu maeneo yaliyoachwa nyuma inataja maeneo 1,424 katika kaunti 34, na kuwa ndani ya kaunti hizo pekee hakutoshi.

Na mrabaha wa madini?

Asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii.