Mita 20 za mraba na mraba wa mita 20

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niliona tangazo lisemalo "kiwanja cha mita 20 za mraba kinauzwa". Nilipokwenda kukiona nikakuta ni ishirini kwa ishirini, na muuzaji anashikilia kwamba hajakosea. Nyumbani nako nimebishana na mwanangu wa darasa la sita. Mimi nasema kilo ni elfu, kwa hiyo kilomita moja ya mraba ni mita za mraba elfu moja. Yeye anasema ni milioni. Nani yuko sahihi? Halafu tuandike mita za mraba au mita mraba? (Msomaji, Kibaha)

JIBU: Marahaba. Nianze na ugomvi wa nyumbani: mwanao ameshinda.

Kosa lako si la hesabu, ni la kusoma. Umeligawa neno mahali pasipogawika. Ulisoma "kilo" peke yake, kisha "mita ya mraba". Lakini kilomita ni neno moja. Kilo na mita zilishashikamana kabla mraba haujafika. Tukisema "kijitabu chekundu", wekundu ni wa kijitabu kizima, si wa kitabu ambacho baadaye kilitiwa udogo. Vivyo hivyo, kilomita ya mraba ni eneo la mraba ambao kila upande ni kilomita moja. Upande huo una mita 1,000, na ule mwingine una mita 1,000. Zidisha, utapata 1,000,000.

Ukitaka kuona hesabu yako ingetufikisha wapi, chukua Tanzania yenye kilomita za mraba 947,300 hivi. Kwa kipimo chako ingekuwa na mita za mraba 947,300,000, yaani kilomita za mraba 947 tu. Nchi nzima, maziwa na mbuga zake, isingefikia ukubwa wa kisiwa cha Unguja.

Sasa muuzaji. Yeye amegeuza mpangilio wa maneno, na katika Kiswahili anayetangulia kihusishi ndiye mwenye habari: mlango wa nyumba si nyumba ya mlango. Katika "mita 20 za mraba" tunahesabu mita, na mraba unaeleza ni mita za namna gani. Ni vipande ishirini, kila kimoja mita moja kwa mita moja. Eneo lote ni la chumba cha mita nne kwa tano. Katika "mraba wa mita 20" kinachozungumzwa ni mraba wenyewe, na mita 20 ni urefu wa upande wake. Huo ni mita za mraba 400. Kwa hiyo bwana yule hakukuibia. Amekipunja kiwanja chake mwenyewe mara ishirini, na kama mngeandikishana mkataba kwa maneno ya tangazo lake, angejuta yeye. Wauzaji wengi husema "ishirini kwa ishirini" na hakuna anayepotea. Kenya nako ploti ya "hamsini kwa mia" inajulikana, ingawa hapo wanapima kwa futi.

Neno mraba lina asili ya Kiarabu, katika mzizi uleule wa nne uliotupa robo na arobaini. Kwetu limekuwa nomino kamili yenye wingi wake, miraba, ndiyo maana pandikizi la mtu tunamwita wa miraba minne. Kwa kuwa ni nomino, mimi huliunganisha kwa kihusishi: mita ya mraba ikiwa moja, mita za mraba zikiwa nyingi. "Mita mraba" na "kilomita mraba" utazikuta sana, hasa katika maandishi ya Kenya, na zinaeleweka bila shida. Sizifuti kwa kalamu nyekundu. Namba nayo napendelea ikae mwishoni, "mita za mraba 400", ili kipimo kisikatwe katikati na msomaji asiingie katika mtego wa muuzaji wako.

Mtego huo upo hata kwenye vitu vidogo. Fundi umeme akikutuma "waya wa mbili na nusu", anataka wenye shaba ya milimita za mraba 2.5, yaani eneo la uso wa shaba ukiikata. Fundi ujenzi akikutuma nondo ya kumi na mbili, anasema kipenyo, milimita 12. Duka moja, vipimo viwili, na neno mraba limemezwa. Niliwahi kuupima waya kwa rula nikakuta shaba yake haifiki hata milimita mbili, nikamgombeza muuza duka bure. Waya wa uzi mmoja wenye eneo hilo una kipenyo cha milimita 1.8 hivi. Nilipaswa kumwomba radhi, na nilichelewa.

Kwa mwanao, mpe ngazi hii ya kupanda kutoka eneo dogo hadi kubwa. Milimita za mraba 100 ni sentimita moja ya mraba. Sentimita za mraba 10,000 ni mita moja ya mraba. Mita za mraba 10,000 ni hekta moja, na hekta 100 ni kilomita moja ya mraba. Mia, elfu kumi, elfu kumi, mia: inasomeka vilevile ukianza juu au chini. Kupanda unagawanya, kushuka unazidisha. Ukishuka kutoka hekta moja hadi milimita za mraba utakuta bilioni kumi, na kutoka kilomita ya mraba, trilioni moja.

Umeona hekta haina mraba? Wapo wanaoandika "hekta za mraba" na "ekari za mraba", nao wanavalisha kofia juu ya kofia. Hekta imetokana na kipimo cha Kifaransa, are, ambacho sheria ya Ufaransa ya mwaka 1795 ilikieleza kuwa mraba wenye upande wa mita kumi. Are ni eneo tangu kuzaliwa kwake, mita za mraba 100, na hekta ni are mia moja. Hapo ndipo kanuni yako ya kuzidisha mara moja tu ingekuwa sahihi, kwa kuwa hakuna mraba wa kuirudia. Ekari nayo ni eneo tayari, mita za mraba 4,047 hivi, na hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu.

Kiwanja chako, basi, ni asilimia nne ya hekta. Mwambie muuzaji arekebishe tangazo: "mita 20 kwa 20".