Mkahawa wa Kiitaliano Malindi na Watamu: anza na margherita

Tangu kituo cha San Marco cha kurushia setilaiti kijengwe baharini huko Ngomeni miaka ya 1960, Waitaliano wamekuwa wakija Malindi, na wengine wakalowea. Kwa hiyo pizza si adimu hapa. Adimu ni iliyopikwa sawasawa, maana bendera ya rangi tatu mlangoni haipiki.

Mara ya kwanza agiza margherita. Ni unga, nyanya, jibini la mozzarella na rehani tu, hakuna pa kuficha kasoro. Tanuri la kuni likipata moto wa nyuzi 430 hivi, pizza ya Kinapoli huiva kwa sekunde 60 hadi 90: ukingo unatutumka na kupata madoa meusi, huku ndani ukibaki laini. Ikikaa humo dakika kumi, moto ni hafifu na kitako kitakauka. Ikiwa katikati ni majimaji, ama mchuzi umezidi au mozzarella haikuchujwa. Muulize mhudumu donge lilikandwa lini. Jibu zuri ni jana, au alfajiri ya leo. Donge la haraka lililojazwa hamira hunuka hamira na kutafunika kama mpira.

Tambi nazo zina saa yake. Spageti kavu huchukua dakika 9 hadi 11 kuiva, hivyo sahani ikifika baada ya dakika nne, ujue zilichemshwa mapema. Mchuzi ushike tambi. Maji yakituama chini ya sahani, mpishi hakuzimalizia kwenye kikaango pamoja na maji kidogo ya kuchemshia, ambayo wanga wake ndio unaoufanya mchuzi uwe mzito.

Anayekula halali asitosheke na kuambiwa "hii haina nguruwe". Carbonara ya asili, yaani tambi za mayai na jibini, huwa na shavu la nguruwe, ragù, yaani mchuzi wa nyama, mara nyingi huchanganya ya ng'ombe na ya nguruwe, na mvinyo huingia kwenye risotto, wali wa Kiitaliano, na michuzi ya samaki bila kutajwa kwenye menyu. Uliza vyote, na pia kama kikaango hicho hupikiwa nguruwe.

Kwa vya baharini, uliza wavuvi wameleta nini leo. Wakati wa kusi bahari huchafuka na vyombo vidogo havitoki kila siku. Menyu yenye kambakoche, ngisi na nguru wabichi siku zote inategemea friza. Pweza ndiye wa kusamehewa, kwani kugandishwa humlainisha. Watamu, ulizia kaa wa mikoko ya Mida. Kambakoche akiuzwa kwa kilo, apimwe mbele yako kabla hajaingia jikoni. Uliza pia kama bei ina VAT ya 16% na malipo ya huduma, na kama kuna coperto, yaani ada ya meza na mkate.

Kati ya Aprili na Juni milango mingi hufungwa, kwa hiyo piga simu kabla ya kutoka. Krismasi weka nafasi mapema.

Mwisho ni gelato, aiskrimu ya Kiitaliano. Ya pistachio iwe kijani kilichofifia chenye ukahawia. Ikimetameta, ni rangi. Ya ndizi iwe nyeupe ya kijivujivu. Ukihisi chembe za barafu ulimini, huenda umeme ulikatika, ikayeyuka na kugandishwa tena. Hiyo iache, ulipe kahawa tu.