Kabla ya Kununua Katoni Nyingine ya Maji, Uliza Tangi Lenu Linajazwa na Nani

Watu wa Nairobi hawanunui maji ya chupa kwa maringo. Wananunua kwa hofu, na hofu hiyo ina sababu: mabomba yaliyotoboka kando ya mitaro ya majitaka, mgao unaokausha mifereji kisha maji yakarudi na rangi ya chai, kipindupindu kilichozuka jijini mwaka 2017. Sitamwambia mtu anywe moja kwa moja kutoka mferejini. Mimi mwenyewe sinywi hivyo. Ila hofu hiyo ina tiba nyumbani, na chupa si tiba ya bure.

Maji mengi ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, husafishwa Ng'ethu, kisha huteremka yenyewe hadi matangi ya Gigiri. Mlima unafanya kazi ya pampu. Chupa nayo huanzia kwenye mafuta: plastiki hutengenezwa, hupulizwa kwa joto, hujazwa, halafu lori huibeba hadi kioski cha mtaani kwako. Mwaka 2009 watafiti Peter Gleick na Heather Cooley wa Marekani walikokotoa kwamba lita moja ya maji ya chupa yaweza kula nishati hadi mara 2,000 ya ile ya lita ya mfereji. Hiyo ni hesabu ya kwao, lakini plastiki na dizeli ni zile zile.

Na chupa ikiisha? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017. Chupa ziliachwa, isipokuwa ndani ya mbuga na maeneo mengine ya hifadhi tangu Juni 2020. Waokotaji huchagua zenye bei. Nyingine huishia mitaroni, Mto Nairobi, au Dandora, jaa lililotangazwa limejaa mwaka 2001 na hadi leo linapokea. Kinaya ni kwamba Gigiri hiyo hiyo yenye matangi yetu ndipo mataifa yalipokubaliana, Machi 2022, kuanza kujadili mkataba wa plastiki.

Sasa, la kufanya. Anza kwa msimamizi wa ploti: maji haya ni ya kaunti, ya kisima, au ya boza? Usimwache mpaka ajibu, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Maji ya visima virefu vya Nairobi mara nyingi yana floraidi nyingi, ile inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia. Ukiyachemsha, mvuke unaondoka na floraidi inabaki, tena imekolea zaidi. Klorini nayo haiigusi. Maji hayo fulia na kupigia deki. Ya kunywa, jaza mtungi wa lita 20 kwenye duka lenye mtambo wa osmosisi, unaosukuma maji kupitia utando mwembamba na kupunguza floraidi. Mtungi huo unarudi kujazwa tena na tena.

Kama ni ya kaunti, kagua tangi la juu. Kwetu wapangaji tulichanga likaoshwa, na matope yaliyotoka chini yalimaliza ubishi wote. Mwenye nyumba alikuwa akituambia maji ni safi, na huko Ng'ethu pengine yalikuwa safi kweli.

Halafu tibu. Mimi hutumia klorini ya dukani kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, nasubiri nusu saa. Maji yakiwa na vumbi, yaache yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi kwanza. Harufu ikikukera, yaache usiku kucha kwenye nyungu iliyofunikwa. Ukipenda kuchemsha, yakishatokota sawasawa dakika moja inatosha. Zile dakika ishirini tulizofundishwa na mama zetu ni gesi inayopotea, na kwa anayetumia makaa ni miti. Hapo hata faida ya kuacha chupa inaanza kupungua.

Ukiwa njiani beba yako. Najua jam ya Thika Road na wale vijana wenye maji baridi dirishani. Kuna siku utanunua, na hakuna atakayekufunga. Chukua ile isiyo na rangi, kwani hiyo ndiyo mwokotaji hupata soko lake kwa urahisi.

Na maji yakirudi baada ya mgao, ndoo za kwanza zipeleke chooni. Kinga maji ya kunywa yakishakuwa meupe, na hata hivyo usiruke klorini.